Waliopimwa 6,000, waliodhibitiwa 170: uchambuzi wa ombi la kampuni changa ya presha na kisukari

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kampuni inayozungumziwa haina jina, na namba zake zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu akiwa na kalamu mkononi. Vigezo vya kitabibu, dozi na matokeo ya tafiti yanayotajwa ni halisi. Kinawahusu wanaotoa ruzuku, mtaji au ulezi kwa kampuni changa za afya, pamoja na waanzilishi wanaojiandaa kuomba.

Ombi lilivyofika

Kampuni ina miaka miwili. Inahudumia makazi ya watu wa kipato kidogo yenye kliniki mbili za umma. Wahudumu wa afya ya jamii 20 hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na mashine ya presha, glukomita (kifaa cha kupima sukari ya damu) na simu yenye programu iliyotengenezwa na kampuni. Anayekutwa na presha au sukari ya juu hutumiwa rufaa kwa ujumbe wa simu ili aende kliniki. Sasa waanzilishi wanaomba ruzuku ya mwaka mmoja: wahudumu waongezwe hadi 100, watu 30,000 wapimwe. Ukurasa wa kwanza wa ombi unasema asilimia 61 ya wagonjwa wao wamedhibitiwa.

Ofisa wa mfuko ulioombwa ruzuku, kabla ya kusifu wala kukataa, aliomba jambo moja: idadi ya watu katika kila hatua, kuanzia kupimwa hadi kudhibitiwa. Majibu yalikuwa haya:

- Waliopimwa: 6,000
- Waliokutwa na kipimo cha juu: 1,620
- Waliofika kliniki: 940
- Walioanza dawa: 610
- Walioonekana mwezi wa sita: 280
- Waliodhibitiwa: 170

Asilimia 61 imetokana na 170 kugawanywa kwa 280. Ukigawanya kwa walioanza dawa unapata 28. Ukigawanya kwa waliokutwa na kipimo cha juu unapata 10 na nusu. Waanzilishi hawakudanganya. Programu yao ilihesabu wale tu waliorudi, kwa hiyo aliyeacha kuja alitoweka kwenye hesabu bila mtu kumfuta. Ndiyo maana mwongozo wa HEARTS wa Shirika la Afya Duniani hupima udhibiti wa presha kwa kundi: chukua wote walioandikishwa kwenye matibabu katika robo moja ya mwaka, subiri miezi sita, kisha uliza ni wangapi kati ya wote hao wako chini ya 140/90. Ambaye hajaonekana anahesabiwa hajadhibitiwa. Kipimo hiki ni kikali, na ni sawa kiwe kikali, kwa sababu kiharusi hakimsubiri mtu arudi kliniki.

Sasa tazama ombi lenyewe. Mara tano ya waliopimwa, bila kugusa kitu kingine, ingeleta watu 850 waliodhibitiwa na watu 7,250 walioambiwa wana kasoro kisha wakaachwa nayo. Na hapo tunajifanya kwamba kliniki mbili zinaweza kupokea mara tano ya wagonjwa. Kupima watu pasipo njia ya kuwatibu kunawapa hofu tu, na mara nyingine kunawafanya wasiamini mhudumu atakayekuja mwakani akiwa na dawa.

Watu 680 waliopotea kabla ya kliniki

Maelezo ya waanzilishi yalikuwa kwamba watu hawana elimu ya afya. Kauli hii husikika mno kwenye maombi ya fedha, na mara nyingi hufunika kasoro za huduma yenyewe. Mfuko ulilipia muuguzi mmoja apime upya watu 100 kati ya hao 680, kwa utaratibu kamili. Watu 38 hawakuwa na presha ya juu wala kisukari.

Sababu ya kwanza ilikuwa mkanda wa mashine. Kila mhudumu alikuwa na mkanda mmoja, wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine husoma juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba aliyehitaji mkanda mkubwa akapimwa kwa ule wa kawaida alizidishiwa takribani milimita 5 za zebaki kwenye namba ya juu ya presha, na aliyehitaji mkanda mkubwa zaidi alizidishiwa takribani milimita 20. Milimita 20 zinamgeuza mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa wa kudumu. Dawa ya tatizo hili ni futi ya kupimia mkono na mkanda wa pili wa sentimita 32 hadi 42 kwenye kila mkoba.

Ya pili ni namna ya kupima. Mhudumu alilipwa kwa kila mtu aliyempima, hivyo alipima haraka: mwenye nyumba ametoka kuchota maji, anazungumza, ameweka mguu juu ya mguu, mkono unaning'inia. Utaratibu sahihi ni kukaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu miwili chini, mkono wazi bila nguo na ulingane na moyo, kibofu kikiwa kitupu. Hupimwa mara mbili au tatu kwa nafasi ya dakika moja, na wastani wa vipimo viwili vya mwisho ndio unaoandikwa. Ikiwa ni 140/90 au zaidi, mtu hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Wa 180/110 na kuendelea hapangiwi siku nyingine, anaonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Kwenye sukari makosa yalifanana. Kidole chenye mabaki ya tunda hutoa namba ya uongo, kwa hiyo mikono inaoshwa kwa maji na kukaushwa. Kopo la stripu (vijikaratasi vya kupimia sukari) lililoachwa wazi au kukaa kwenye joto huharibu stripu zote zilizomo, hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Programu ilikuwa ikitoa rufaa ya kisukari kwa sukari yoyote iliyozidi milimoli 7.0 kwa lita, bila kuuliza mtu amekula saa ngapi. Kigezo cha 7.0 ni cha aliyefunga kula angalau saa nane. Kwa kipimo cha wakati wowote kigezo ni 11.1 pamoja na dalili kama kiu kali, kukojoa sana na kukonda. Asiye na dalili anahitaji kipimo cha pili cha kuthibitisha. HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ikiwa asilimia 6.5 na kuendelea nayo inathibitisha, ila haiaminiki kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu.

Waliobaki 62 walikuwa wagonjwa kweli. Wengi wao rufaa ilifika kwenye simu ambayo si yao. Katika makazi kama haya simu moja hutumiwa na familia nzima, na namba hubadilika. Ujumbe ulisema wazi "una presha ya juu, nenda kliniki", ukasomwa na mtoto au mpangaji. Wengine walificha, wengine hawakuwahi kuuona. Utaratibu uliobadilishwa: namba mbili za simu, jina la mtu mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe amemchagua, ruhusa ya maandishi kuhusu nani aambiwe nini, na ujumbe usiotaja ugonjwa. Kubwa kuliko yote, mhudumu aliyempima anarudi nyumbani kwake ndani ya siku saba kama hajaonekana kliniki.

Kliniki ambayo programu haikuijua

Watu 940 walifika, 610 wakaanza dawa. Hao 330 walikutana na mambo mawili. Programu ya kampuni ilituma orodha ya rufaa kwenye barua pepe ya kliniki, wakati muuguzi wa zamu alifanya kazi kwa rejista ya karatasi mezani. Mgonjwa alipofika alionyesha ujumbe, muuguzi hakuwa na taarifa yoyote, akampanga foleni upya kama mgonjwa wa kawaida. Aliyekaa tangu asubuhi akaambiwa arudi kesho hakurudi. Kosa hili kampuni changa zenye wasanidi hodari hulifanya mara kwa mara: hujenga programu ya mhudumu na dashibodi ya mfadhili, zikamsahau muuguzi. Suluhisho la gharama ndogo lilikuwa kadi ya karatasi yenye namba ya mgonjwa, namba ile ile ikiandikwa kwenye rejista, na karani mmoja kuingiza rejista kwenye mfumo kila jioni. Kuunganisha mifumo miwili kwa kompyuta kuliachwa kwa mwaka wa pili.

Jambo la pili ni dawa. Zilikuwepo wiki mbili, zikakosekana wiki tatu. Aliyeandikiwa akaambiwa anunue mwenyewe.

Hapa ushahidi wa tafiti una uzito kuliko maoni ya mtu yeyote. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na daktari Ronald Victor katika maduka ya kunyolea 52 ya eneo la Los Angeles, ukiwa na wanaume Weusi 319 wenye presha ya juu. Kundi moja kinyozi alihimiza mtindo bora wa maisha na kwenda kwa daktari. Kundi jingine mfamasia alikuja pale pale kinyozini, akapima na kuandika dawa kwa makubaliano na madaktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilishuka milimita 27 kwa kundi la mfamasia, na milimita 9 kwa kundi la kuhimizwa. Utafiti wa HOPE 4, uliofanyika Colombia na Malaysia katika jamii 30 na kuchapishwa 2019, uliunganisha wahudumu wasio madaktari wenye vishikwambi, dawa za bure, na ndugu au rafiki wa kumsaidia mgonjwa. Mwaka ulipoisha, presha ya kundi hilo ilikuwa imeshuka milimita 11 zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Katika tafiti zote mbili kupima ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Kilicholeta tofauti ni dawa kupatikana mahali ambapo mtu yupo, kwa mkono wa mtu mwenye mamlaka ya kuitoa.

Kuanzia dozi ya kwanza hadi mwezi wa sita

Kutoka 610 hadi 280 ndipo pengo baya zaidi lilipo, maana hawa walikuwa tayari wameandikiwa dawa. Kliniki ilitoa dawa za siku 30 kwa kila mtu, daima, na kila mara foleni ya nusu siku. Kwa mtu wa kibarua hiyo ni nusu ya ujira wa siku inayopotea kila mwezi kwa ugonjwa usiouma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza mgonjwa wa presha aonwe kila mwezi mpaka afikie lengo, kisha kila miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu, na nafasi zake za foleni anaachiwa asiyetulia.

Kila daktari wa zamu naye alikuwa na mchanganyiko wake. Kampuni na kliniki walikubaliana itifaki moja ya presha, yaani mpangilio mmoja wa dawa na dozi, inayobandikwa ukutani: kidonge kimoja chenye telmisartani miligramu 40 na amlodipini 5; baada ya mwezi, kama bado ni 140/90 au zaidi, dozi inapanda hadi 80 na 10; baada ya mwezi mwingine, kuongeza klorthalidoni 12.5. Vidonge vyenye dawa mbili za presha viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, jambo linalosaidia kwenye manunuzi. Telmisartani haipewi mjamzito wala mwanamke anayeweza kushika mimba bila uzazi wa mpango, naye anaanza na amlodipini peke yake. Potasiamu na kreatinini (vipimo vya damu vya madini na kazi ya figo) hupimwa kila inapowezekana, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Kwa kisukari cha aina ya pili, metformini huanza miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na chakula, ikiongezwa taratibu hadi 1,000 mara mbili kwa siku, kwa sababu ikianza kwa kishindo tumbo huharisha na mtu huiacha. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika haitumiki. Mwenye kisukari wa miaka 40 na kuendelea afikiriwe pia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa kuwa wengi wao hatari kubwa ni moyo na kiharusi kuliko sukari yenyewe.

Maswali ya ufuatiliaji nayo yalirekebishwa. Programu iliuliza: "Unatumia dawa?" Wote walijibu ndiyo. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Mgonjwa akiona miguu imevimba wiki ya tatu huamini dawa inaharibu figo, anaacha kimya kimya, na akiulizwa anasema anatumia ili asigombezwe. Maswali mapya yalikuwa: katika siku saba zilizopita dawa ilikupita siku ngapi? Miguu imevimba? Ukiinuka unapata kizunguzungu? Kwa mwenye kutumia dawa inayosukuma mwili utoe insulini kama glibenklamidi, au insulini yenyewe: umewahi kutokwa jasho, kutetemeka, kuona giza? Jibu moja la ndiyo linampigia muuguzi, si mfumo wa kompyuta. Wazee wanaopungukiwa sukari usiku hawapaswi kungoja miadi.

Fedha: mahali ambapo nia njema hufilisika

Bajeti ya ombi, kwa kila mafungu 100, ilikuwa hivi: wahudumu wapya 45, programu 25, vifaa na stripu 15, utawala 10, mafunzo 5. Dawa hazikuwemo kabisa. Bajeti iliyoafikiwa ikawa: dawa 28, wauguzi wawili wenye ruhusa ya kuongeza dozi kwa itifaki 18, wahudumu 20 waliopo kwa kazi ya ufuatiliaji 15, vifaa 11, utawala 10, programu na karani 8, maabara 5, ukaguzi huru wa takwimu 5. Fungu la utawala halikuguswa. Wafadhili wanaolikata huishia kupokea hesabu mbovu kutoka kwa kampuni isiyo na mhasibu.

Malipo kwa mhudumu yalihama kutoka kwa kila kipimo kwenda kwenye mshahara wa kudumu pamoja na nyongeza ndogo kwa kila mgonjwa wake aliyeonekana ndani ya siku 30 za miadi. Nyongeza haikufungwa kwenye namba ya presha. Mtu akilipwa kwa namba, namba itapatikana.

Kisha swali la nani atalipa ruzuku ikiisha. Wagonjwa hawa hawawezi kubeba gharama, na kampuni ikiwategemea wao itahamia polepole kwa watu wenye uwezo huku ikiendelea kutumia picha za maskini kwenye taarifa zake. Mlipaji aliyepatikana alikuwa mfuko wa bima ya umma, uliokubali kiasi maalumu kwa kila mgonjwa kwa robo mwaka. Habari njema, lakini ndani yake kuna mtego. Tuseme dawa za mgonjwa mmoja ni kizio 1 kwa mwezi na wagonjwa ni 600. Siku ya kwanza kampuni inanunua dawa za miezi mitatu: vizio 1,800. Siku ya 90 inawasilisha madai, na siku hiyo hiyo inanunua tena 1,800. Bima inalipa siku 90 baada ya madai, yaani siku ya 180. Hivyo vizio 3,600 vimefungwa kabla ya senti ya kwanza kuingia, na malipo yakichelewa wiki moja tu inahitajika 1,800 nyingine ili wagonjwa wasikose. Kwenye karatasi kampuni inaonekana ina mapato, na rafu ni tupu.

Kumbe kilichohitajika hapa ni mfuko wa kuzungusha wa dawa, wenye akaunti yake, usioruhusiwa kulipa mishahara. Ruzuku iliweka vizio 3,600, na mkopo usio na riba wa 1,800 ukawekwa tayari kwa malipo yatakayochelewa. Kuchukua hisa kulikataliwa kwa sasa: mwekezaji wa hisa angetaka ukuaji wa haraka wa idadi ya watu, yaani kurudi kule kule kwenye kupima watu 30,000.

Masharti ya kutoa fedha

Fedha zilitolewa kwa awamu tatu: asilimia 40, 30 na 30. Awamu ya pili ilifungwa kwenye mambo mawili ndani ya miezi sita: asilimia 70 ya waliothibitishwa wawe wameanza dawa ndani ya siku 30, na dawa za itifaki zisikosekane zaidi ya siku tatu katika robo. Awamu ya tatu, mwezi wa 12: nusu ya wote walioandikishwa katika robo ya kwanza wawe wamedhibitiwa walipotimiza miezi sita, ambao hawakuonekana wakihesabiwa humo. Kutoka 28 hadi 50 ni safari ndefu. Kuahidi 80 katika mwaka mmoja kungewasukuma watu kupika takwimu.

Dalili za kupika zinajulikana. Mashine ya kidijitali hutoa tarakimu za mwisho 0 hadi 9 kwa uwiano unaokaribiana, kila moja kama asilimia 10. Zikitokea 0 kwa asilimia 30, kuna mtu anaandika kwa kukisia. Vipimo vikirundikana 138 na 139 huku 141 na 142 vikiwa adimu, kuna anayesukuma namba chini ya mstari. Mkaguzi asiye wa kampuni hupima upya asilimia 5 ya wagonjwa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ndani ya wiki mbili za kipimo cha mwisho. Kuna hila nyingine ngumu kuonekana: kuandikisha wagonjwa wepesi tu, wa 142/91, na kuwaacha wa 175. Kwa hiyo wastani wa presha ya siku ya kuandikishwa huripotiwa kila robo, na ukishuka ghafla maelezo yanatakiwa.

Kwa kisukari kipimo kilichotumika ni HbA1c chini ya asilimia 8, kigezo kile kile cha malengo ya kisukari ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2030, kikipimwa mara moja kila miezi sita. Kushusha zaidi ni kazi ya tabibu na mgonjwa wake, si ya mkataba wa ruzuku.

Kifungu cha mwisho cha mkataba kinahusu kampuni kufa, maana kampuni changa nyingi hufa. Fedha zikibaki za miezi minne ya uendeshaji, waanzilishi wanalazimika kuujulisha mfuko ndani ya siku saba. Rejista ya wagonjwa, kwa karatasi na kwa faili linalofunguka bila programu ya kampuni, inakabidhiwa kliniki. Kila mgonjwa anapewa dawa za miezi mitatu kutoka kwenye mfuko wa kuzungusha, kadi yenye dozi yake na jina la muuguzi atakayempokea. Fedha za hatua hiyo hutengwa tangu siku ya kwanza, na hakuna saini ya mwanzilishi inayoweza kuzitoa kwa kazi nyingine.